Tahadhari: fundi wa "huduma ya mkuku" anaziba ufa juu ya maji

Wenye boti za tanga mnaopandisha vyombo nchi kavu kwa majira ya baridi, someni hili kabla hamjatoa hela.

Kuna fundi anazunguka kwenye yadi akiuza huduma kamili ya mkuku, ule uti mzito ulio chini ya boti. Anaahidi kukaza nati za boliti zinazoushika, kuziba upya kiungio chake na boti, kukausha ngama (sehemu ya chini kabisa ndani ya boti, maji yanapokusanyika) na kutia dawa ya kuzuia maji kuganda. Anataka alipwe yote mwanzoni, kisha anatuma picha chache na huyo kaondoka. Mimi kanifanyia, na wenzangu pia.

Risiti yangu inasema nati zote zilikazwa kwa spana ya kipimo. Nikafunua mbao za sakafu, nikamulika. Rangi ya kijivu ya zamani bado imeshikanisha kila nati na washa yake, haina hata mkwaruzo. Nati haizunguki rangi ya namna hiyo isipasuke. Hakuzigusa.

Kiungio nacho kwa nje kilipendeza, mstari mweupe ulionyooka. Nilipouchanja kwa kisu upande wa mbele, gundi ikabanduka kama ganda la ndizi na maji ya rangi ya kutu yakaanza kutona. Hapo ndipo penye hatari yenyewe. Mkuku ukigonga mwamba, au boliti zikilegea, kiungio mara nyingi huanza kufunguka mbele. Chombo kikiwa kimeukalia mkuku wake, uzito hubana ule ufa ukaonekana si kitu. Ukiuziba ukiwa umelowa, maji ya chumvi yanabaki ndani, na chuma kisichoshika kutu cha boliti kinahitaji hewa ili kijilinde. Kikikaa kwenye maji yasiyo na hewa huliwa katikati, pale pale kwenye kiungio, huku kichwa cha boliti kikiendelea kung'aa ndani ya ngama. Baridi ikizidi, maji yaliyonaswa yanaganda, yanatanuka kwa takriban asilimia 9 na kuupanua ufa.

Msidhani natia chumvi. Mei 2014 boti Cheeki Rafiki iling'oka mkuku katikati ya Atlantiki na mabaharia 4 wakapotea. Wachunguzi wa Uingereza walitaja kwamba kugonga chini hapo awali, pamoja na matengenezo yaliyofuata, huenda vilikidhoofisha chombo.

Kwenye ngama kamwaga dawa juu ya maji machafu yaliyokuwemo. Dawa iliyopunguzwa nguvu na maji hivyo huganda vilevile. Tena ni ethilini glaikoli, sumu kwa mtu na mnyama, na pampu ikiwashwa inakwenda baharini. Ngama iliyofutwa ikakauka kabisa haihitaji dawa yoyote. Kama pana kona maji hayatoki, tumieni ile ya propilini glaikoli.

Mtamjua kwa maswali asiyouliza. Haulizi mkuku ni wa madini ya risasi au wa chuma cha kusubu, wala kama chombo kimewahi kugonga, wala kipimo cha kukazia alichotoa mtengenezaji. Anaziba siku ile ile boti inapotoka majini, wakati kiungio kinaweza kutona kwa siku kadhaa. Picha zake ni za karibu mno, hujui ni chombo cha nani. Fundi wa kweli husubiri pakauke, na akitilia shaka anachomoa boliti moja aitazame shingo yake. Kuziba upya kwa maana hasa kunataka chombo kiinuliwe, mkuku uachane nacho, nyuso zote mbili zisafishwe.

Kama keshapita kwako, piga picha nati na kiungio kabla hujagusa kitu, mpelekee msimamizi wa yadi kwa maandishi. Kisha kwangua gundi ya mbele na ya chini maji yatoke kabla hayajaganda, na usishushe chombo mpaka mkaguzi asiye na uhusiano naye aone boliti. Akirudi akasema atakuongezea tabaka jingine bure, mkatalie.