Lori la plastiki iliyorejelezwa: uzoefu wangu wa miezi 14

Kabla ya kununua lori hili la kuchezea la mwanangu nilipeleka gunia zima la midoli iliyovunjika kwenye kituo kinachopokea plastiki, nikarudi nalo karibu kama lilivyokuwa. Kijana wa pale hakunidharau. Alichukua gari moja la polisi, akaligeuza, akanionyesha: bodi ni plastiki ya aina moja, matairi aina nyingine, na tumboni kuna chuma, nyaya, spika na betri. "Mama, hii hatuwezi kuiyeyusha," akasema.

Jioni ile nilikaa sakafuni na bisibisi. Gari lile peke yake nililitoa skrubu 11, na sehemu nyingine zilikuwa zimegandishwa kwa gundi, hazifunguki mpaka uzivunje. Vipande vya plastiki nilivitumbukiza kwenye beseni la maji. Vingine vilielea: hivyo aghalabu ni polietilini au polipropilini. Vingine vilizama moja kwa moja, kama ABS ile ngumu inayong'aa, au PVC laini inayotengenezewa matairi na vichwa vya wanasesere. Zikiyeyushwa pamoja hazishikani vizuri, na kinachotoka ni plastiki dhaifu inayokatika upesi. Nilipomaliza, gari moja lilikuwa limekula karibu saa nzima. Hakuna kituo kitakachomlipa mtu kwa kazi hiyo.

Basi nilipotafuta zawadi ya mwanangu, nilianza kugeuza vitu na kuangalia chini. Lori nililolichagua limetengenezwa kwa madumu ya maziwa yaliyotumika, yaani polietilini ngumu, ile yenye namba 2 ndani ya pembetatu ya mishale, alama inayotaja aina ya plastiki. Halina skrubu wala ekseli ya chuma. Halikupakwa rangi ya juu. Rangi imo ndani ya plastiki yenyewe, kwa hiyo hakuna kinachobanduka mtoto akilitafuna, na mwanangu alilitafuna sana.

Asili ya plastiki ndiyo iliyonifanya nilipe. Neno "iliyorejelezwa" peke yake halinitoshi. Plastiki nyeusi iliyotoka kwenye maganda ya runinga na kompyuta kuukuu inaweza kubeba kemikali za bromini zilizowekwa kuzuia moto, na imewahi kukutwa ndani ya vitu vya watoto. Dumu la maziwa lilikuwa chombo cha chakula tangu mwanzo. Muulize muuzaji plastiki yake ilikuwa nini kabla ya kuwa mdoli. Asipojua, mimi siinunui.

Miezi 14 limeburutwa, limepandwa, limejazwa mchanga na kuachwa kwenye mvua. Lina mikwaruzo mingi na halina ufa hata mmoja. Nalisugua kwa sabuni, basi. Kasoro zipo: matairi hayazunguki vizuri kwenye sakafu laini, kwa kuwa ni plastiki tupu, na upande uliokuwa ukikaa juani umepauka. Pia halilii wala haliwaki taa. Siku mbili za kwanza mwanangu alilalamika, siku ya tatu akaanza kutoa mlio kwa mdomo wake mwenyewe, na hajaacha.

Sitaki mtu adhani kila kilichorejelezwa ni nafuu kwa dunia. Mwaka 2021 LEGO, kampuni ya matofali ya kuchezea, walionyesha tofali la majaribio lililotokana na chupa za PET, ile plastiki ya chupa za maji na soda, na mwaka 2023 wakaachana nalo walipoona halitapunguza hewa ya ukaa. Mimi niliwaheshimu kwa kusema hivyo. Tena matofali yao ya mwaka 1958 bado yanashikana na ya leo, na kwangu hilo lina uzito kuliko nembo yoyote ya kijani kwenye boksi: kitu kinachopita kwa watoto watatu kimeokoa vingine viwili visitengenezwe.

Mwezi uliopita lori limehamia kwa mpwa wangu. Nilipomkabidhi dada yangu nililigeuza kwanza, nikamwonyesha ile namba 2 chini ya tumbo la lori. Bado inasomeka, na siku litakapovunjika kweli, kituo kile kitalipokea bila bisibisi.