Maonyesho ya mchoraji kijana: mara ya kwanza sikuona kitu, mara ya pili sikutaka kutoka

Mara ya kwanza nilikaa ndani dakika ishirini hivi, nikatoka nimenuna. Mara ya pili niliingia saa nne asubuhi, na mlinzi ndiye aliyenikumbusha kwamba wanafunga saa saba kwa mapumziko. Picha zilikuwa zile zile, kwenye ukuta ule ule. Kilichobadilika ni mwanga. Naanza na hilo kwa sababu najua wapo walioingia jioni kama mimi, wakakuta picha nyeusi zinazong'aa kama kioo, wakaondoka wakisema huyu binti bado.

Mimi ni fundi rangi. Nimepiga kuta, mageti na mabango kwa miaka 27. Sanaa sikuisomea darasani, lakini rangi naijua kwa harufu yake, kwa uzito wake kwenye brashi, na kwa namna inavyokusaliti ukiikimbiza. Nilikwenda kwa sababu mteja wangu mmoja aliniambia kuna binti wa miaka 24 anayepaka weusi juu ya weusi na bado unamwona mtu. Sikuamini. Katika kazi yangu, ukipaka nyeusi juu ya nyeusi unapata ukuta mweusi.

Makumbusho yenyewe ni madogo: vyumba viwili chini vyenye vyungu, zana za zamani na picha za kamera zilizopauka, na vyumba viwili juu vya maonyesho ya muda. Ngazi ni nyembamba. Kwa mtu mwenye tatizo la magoti, apige simu kwanza aulize.

Chumba kikubwa cha juu kina picha kumi na moja za rangi ya mafuta. Zote ni watu usiku: mwanamke anakunja shuka, mzee ameshika redio sikioni, watoto watatu wamelala kitanda kimoja, kijana anafunga kamba za viatu mlangoni. Hakuna anayekutazama. Ukuta nyuma yao ni mweusi, nguo nyingi ni nyeusi, na ngozi zao ni nyeusi kabisa, si ile kahawia ya kukwepa ambayo wachoraji wengi huikimbilia.

Jioni ile taa zilikuwa zimewashwa, na zimefungwa darini karibu mno na ukuta, zikimulika kwa kushuka wima. Rangi ya mafuta ikikauka hubaki na mng'ao, hasa palipowekwa mafuta mengi, na hakuna rangi inayofichua mng'ao kama nyeusi, kwa kuwa nyuma yake hakuna mwanga mwingine wa kushindana nao. Kwa hiyo badala ya kumwona mwanamke na shuka lake niliona balbu sita na shati langu. Nikasogea kushoto, balbu zikahama nami. Nikainama, zikanifuata. Nikaghadhibika, nikashuka ngazi.

Kilichonirudisha ni kitu kidogo. Nilipokuwa nageuka kutoka, nilipita pembeni kabisa ya ile picha ya mzee wa redio, na kwa jicho la upande nikaona mkono. Mkono mzima, wenye mishipa na pingili, ukitoka kwenye weusi. Nilipogeuka kuutazama vizuri ukapotea kwenye taa. Nililala nao kichwani.

Asubuhi ni habari nyingine. Chumba kina dirisha refu upande wa kulia, na mwanga wake unaingia kwa ulalo. Taa zilikuwa bado hazijawashwa, nikamwomba mlinzi aziache hivyo. Akanitazama, akasema, "Haya baba, mpaka watakapokuja wengine." Akaniletea na kiti. Namshukuru mpaka leo.

Nilianza na mwanamke wa shuka. Ukuta nyuma yake haukuwa mweusi hata kidogo. Ulikuwa bluu nzito sana, ya usiku ambao mwezi haujatoka, na kichwa chake kilikuwa na weusi mwingine, wenye ukahawia, kama mbao iliyoshikwashikwa miaka mingi. Mpaka kati ya hivi viwili haukuchorwa kwa mstari popote. Ni joto na baridi tu vinavyokutana. Ukisimama mbali, kichwa kinatoka ukutani. Ukisogea karibu, unabaki na rangi mbili ambazo kila moja peke yake ungeiita nyeusi.

Hapa nieleze kidogo, kwa sababu watu hudhani nyeusi ni moja. Kuna nyeusi ya mifupa iliyochomwa, ambayo huvuta kwenye kahawia. Kuna ya masizi, ambayo ina ubaridi, inavuta kwenye bluu. Kuna ya chuma, nzito, inayofunika vizuri kuliko hizo mbili. Kerry James Marshall, mchoraji wa Marekani aliyezaliwa 1955, amejenga kazi yake yote juu ya jambo hilo: watu wake ni weusi wa kweli, nao wana umbo na uhai kwa sababu anazitumia hizo nyeusi tatu kama rangi tatu tofauti, kisha anazitia bluu, kijani au zambarau. Niliwahi kuziona picha zake kwenye kitabu tu, na kitabu huzibana zote zikawa nyeusi moja. Sasa nimeelewa kwa nini watu husafiri kwenda kuziona kwa macho.

Kisha kuna jambo la jirani. Karne ya 19, kule Ufaransa, mkemia Michel-Eugène Chevreul aliletewa malalamiko kwamba nyuzi nyeusi za kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins zimekosa nguvu. Akazipima, akakuta rangi yake haina kasoro. Tatizo lilikuwa rangi zilizofumwa kando yake, zilizokuwa zinalibadilisha jicho la mtazamaji. Kitabu chake juu ya hilo kilitoka 1839. Huyu binti, sijui kama amewahi kulisikia jina hilo, lakini analitenda. Kwenye picha ya watoto watatu, shuka ni nyekundu iliyokufa, ya matofali. Basi nyuso zilizolala juu yake zinaonekana zina ukijani wa mbali sana, kama mtu aliyelala kweli, damu imetulia. Nilifunika shuka kwa kiganja nikiwa nimesimama mbali, ule ukijani ukaondoka. Nikaondoa kiganja, ukarudi. Nilifanya hivyo mara tano mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama niko salama.

Lakini mikono ndiyo iliyoniweka kitini. Ngozi nyeusi hurudisha mwanga kwa juu, na pale inapong'aa hubeba rangi ya taa yenyewe au ya dirisha. Mchoraji asiyejua hilo hutia nyeupe kwenye kahawia, akapata ngozi ya vumbi. Yeye ametia bluu ya anga kwenye pingili za mzee wa redio, bluu kabisa, mabaka sita madogo yasiyozidi punje ya mchele, na jicho linaisoma kama ngozi yenye jasho karibu na dirisha. Chini ya kidole gumba, palipo karibu na taa ya redio, ameweka rangi ya chungwa. Mkono mmoja una taa mbili, na zote mbili unazihisi. Nimeipiga ngozi ya watu kwenye mabango ya vinyozi kwa miaka mingi, na sikuwahi kufikiria kwamba jibu ni kuacha kutafuta rangi ya ngozi na kutafuta rangi ya mwanga.

Yeye mwenyewe alipanda ngazi karibu na saa tano, amebeba mfuko wa vijitabu. Sikumtambua mpaka aliposema, "Baba, naambiwa umekaa hapo tangu saa nne."

Nikamuuliza swali la fundi. "Mwanangu, huu ukuta nyuma ya huyu mama, umechanganya nyeusi gani?"

Akatabasamu. "Hapo hakuna nyeusi kabisa. Ni bluu na kahawia ya udongo uliochomwa, basi. Nyeusi ya kwenye tyubu nimeiweka kwenye nguo tu."

Nikarudi kutazama. Nguo, kweli, ilikuwa imekaa kimya, haina kina, kama kitu kilichowekwa makusudi kisivute jicho. Nilikuwa nimeipita bila kuiona, na ndivyo alivyotaka.

Tukaongea juu ya kukauka. Wengi hudhani rangi ya mafuta hukauka kwa maji au tina kupaa. Hapana, mafuta ya kitani yaliyomo ndani yake huvuta hewa ya oksijeni na kugeuka kuwa utando, na hilo huchukua siku, wiki, na kwa koti nene, yaani tabaka nene la rangi, miezi. Ile kahawia ya udongo ina madini ya manganizi ndani yake, nayo huharakisha kukauka. Nyeusi ya mifupa na ya masizi hufanya kinyume, huchelewa sana. Ndiyo maana mafundi wa zamani walisisitiza koti la chini liwe na mafuta machache na la juu liwe na mafuta mengi, ili la juu lisitangulie kukaza.

Nilimwambia hayo kwa sababu nilikuwa nimeona ufa. Kwenye ile picha ya kijana wa viatu, mwanga wa mlangoni umepakwa kwa nyeupe nzito juu ya weusi, na karibu na fremu kuna nyufa nyembamba kama nywele. Hakukasirika. Alisema alijua, siku ya ufunguzi ilikuwa imekaribia na weusi ulikuwa bado unanata aliposhusha nyeupe. Picha ile ni nzuri, na nyufa zitaongezeka. Anayetaka kuinunua aulize kwanza namna itakavyotunzwa. Na asikubali ipakwe vanishi mapema: kwa kawaida rangi ya mafuta husubiri miezi sita hadi kumi na miwili kabla ya vanishi ya mwisho.

Kasoro nyingine sitaificha. Picha kubwa kuliko zote, ile ya familia nzima mezani, haijasimama. Inaonekana imetoka kwenye picha ya simu, kwa sababu watu wa pembeni wamevutika na wa katikati wamebanwa, kama lenzi ya simu inavyofanya mpigaji akisogea karibu. Mikono ambayo kwingine inasema kila kitu, hapa imefichwa chini ya meza, yote kumi na miwili. Nadhani alichoka. Ningekuwa mimi ndiye mpangaji wa maonyesho ningeiacha stoo na kuupa nafasi ile mchoro mdogo wa redio, ambao umebanwa kwenye kona karibu na kizima moto.

Na mpangaji ana mengine ya kusahihisha. Makumbusho mengi hutundika picha katikati yake ikiwa kama sentimita 150 kutoka sakafuni, kimo cha jicho la mtu aliyesimama. Hapa zimepandishwa juu zaidi, nadhani kukwepa viti, na ndiyo sababu nyingine ya taa kurudi usoni. Vibandiko vya maelezo vimeandikwa kwa herufi ndogo za kijivu juu ya karatasi nyeupe. Nilivisoma nimepiga goti. Tena vinaeleza hisia za mchoraji badala ya kutaja amechorea nini na lini. Mtu anayetaka kujifunza anatoka mikono mitupu. Binti huyu anastahili maelezo mazito kuliko yale.

Chumba cha nyuma, hata hivyo, wamekifanya kwa heshima. Humo mna kazi za karatasi: rangi za maji na michoro ya mkaa, kumi na nne kwa hesabu yangu. Pazia limeshushwa, mwanga ni hafifu sana, na nilimsikia mama mmoja akilalamika. Lakini ndivyo inavyotakiwa. Karatasi na rangi za maji huumia kwa mwanga, na uharibifu wake haurudi nyuma, kwa hiyo makumbusho huziwekea kiasi cha luksi 50 tu (luksi ni kipimo cha mwanga), wakati rangi za mafuta huvumilia hadi 200 hivi. Humo utaona alivyofika kwenye zile picha kubwa. Kuna karatasi moja ina mikono ishirini na mitatu ya mtu yule yule, nadhani mzee wa redio, mingine imekosewa na kukatwa kwa mstari. Chini kabisa ya karatasi kuna mkono mmoja uliopatikana. Niliutambua mara moja.

Kama unakwenda, nenda asubuhi, na ukifika juu usiingie chumba kikubwa kwanza. Pita moja kwa moja hadi kile cha karatasi, ukae humo dakika kumi au zaidi, mpaka macho yazoee giza. Ndipo urudi kwa watu wa usiku, uwatazame kwa kusimama upande wa dirisha, si mbele yao. Kiti kiko nyuma ya mlango. Mwombe mlinzi, atakupa.