Microsoft Access kwenye daftari la mikopo: naipenda, ila mwaka uandike wote

Mimi ni karani wa chama cha akiba na mikopo huku Kilimanjaro, na mwaka wa tisa huu nashinda na Access, programu ya Microsoft ya kutunza kumbukumbu kwenye majedwali, tangu asubuhi hadi tunapofunga hesabu. Wapo wanaoiita programu ya kizamani. Sisi tuna wanachama mia saba na ushee na kompyuta mbili, na intaneti ikikatika kazi inaendelea, kwa hiyo sina haraka ya kuhama. Leo nasema juu ya tarehe tu, maana huko ndiko tulikoumia.

Fundi aliyetutengenezea hifadhidata aliacha mwaka uonekane kwa tarakimu mbili. Miaka ikapita bila neno. Mei 2025 tukaanza kutoa mikopo ya miaka mitano, dada wa kaunta akawa anaandika tarehe ya mwisho 31/05/30, na kwenye skrini inasomeka vilevile, 31/05/30. Nani angeshtuka? Mwanzoni mwa Juni nikachapa orodha ya wadaiwa sugu, nikaibandika ubaoni bila kuipitia, kosa langu hilo. Mzee mmoja mkulima wa kahawa, ambaye hata rejesho la kwanza lilikuwa halijafika, ameandikwa amechelewa siku 34,700 hivi.

Akaingia ofisini na fimbo yake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akauliza, "Mwanangu, siku elfu thelathini na nne na mia saba ni miaka mingapi?" Nikapiga hesabu: tisini na tano. "Basi huyo unayemdai ni babu yangu. Mimi mkopo wangu ni wa juzi."

Chanzo ni hiki. Ukiipa Access mwaka wa tarakimu mbili, haikuulizi, inajijazia karne yenyewe: 00 hadi 29 inazipeleka 2000 hadi 2029, 30 hadi 99 inazirudisha 1930 hadi 1999. Ni utaratibu wake uliotangazwa, si ugonjwa, lakini kwa sisi wa mikopo mpaka huo umeshafika mlangoni. Mkopo wa kuisha Desemba 2029 uko salama, wa Januari 2030 umerudi enzi za Mwingereza. Upande wa pili wapo wazee wetu: bibi mmoja mwanachama mwanzilishi, mzaliwa wa 1929, aliandikiwa 29, na kwa mujibu wa kompyuta alikuwa bado hajazaliwa.

Dawa niliyoitumia: kwenye jedwali, sehemu ya Input Mask (kiolezo kinacholazimisha namna ya kuandika), niliweka 00/00/0000, sasa huwezi kutoka kwenye kisanduku bila tarakimu nne za mwaka. Kisha nikaweka sharti la jedwali zima kwamba tarehe ya mwisho iwe mbele ya tarehe ya kutoa mkopo. Kubadilisha mwonekano peke yake kuwa dd/mm/yyyy hakurekebishi kitu, kunakuonyesha tu uchafu ulioko ndani, kwa sababu Access huhifadhi tarehe kama namba ya siku (1 Januari 2025 kwake ni 45658). Mikopo kumi na minne iliyokwisha kuharibika niliisogeza mbele miaka 100 kwa amri moja ya DateAdd, baada ya kutoa nakala ya faili. Nakala kwanza, jamani.

Jambo la pili linauma kimyakimya zaidi. Ukiandika mwenyewe amri ya SQL, yaani lugha ya kuiuliza hifadhidata, na kuweka tarehe kati ya alama za reli, #03/04/2025#, Access inasoma kimarekani, mwezi mbele: Machi 4. Haijali kwamba Windows yako umeipanga siku itangulie. Ila ukiandika #13/04/2025#, inaona hakuna mwezi wa 13, inageuza yenyewe na kukupa Aprili 13. Kwa hiyo ripoti zako zinakuwa sahihi kuanzia tarehe 13 hadi mwisho wa mwezi, na siku kumi na mbili za mwanzo zinaweza kudanganya. Mimi ilinichukua wiki nzima kugundua, maana nilikuwa nikizijaribu kwa tarehe za katikati ya mwezi. Siku hizi naandika #2025-04-03#, mwaka mbele, na mabishano yameisha.

Kompyuta mpya nayo, ukiitoa dukani, angalia kwanza mipangilio ya nchi kwenye Windows kabla hujaingiza hata risiti moja. Yetu ya pili ilikuja imewekwa Marekani.

Hasara moja ya dawa yangu: ukiweka Input Mask, ile kalenda ndogo ya kubofya pembeni ya kisanduku inatoweka. Dada wa kaunta aliizoea, na mpaka leo akiandika 2030 kwa mkono ananikata jicho.