Bunduki ya kusafiri nayo kuwinda elki: ipi kwanza, ipi mwisho

Elki ni kulungu mkubwa wa Amerika Kaskazini. Dume wa milima ya Rocky, Marekani, hufikisha kilo 300 na kupita: mzito kuliko tandala, mwepesi kuliko pofu. Akipigwa tumboni anaweza kwenda kilomita kadhaa akafie korongoni, nyama yote ikaoza. Ndiyo maana tumezipanga bunduki hizi, kila moja kwa jina la aina ya risasi yake, kwa maswali mawili. Utalenga sawasawa nayo huku unahema, mita 3,000 juu ya bahari? Na mzigo ukipotelea uwanja wa ndege, risasi zake utazipata katika duka la mji mdogo wa Colorado?

1. .30-06 Springfield. Ipo tangu 1906 na risasi zake zinauzwa karibu kila duka la wawindaji. Chagua kichwa cha risasi cha greni 165 au 180 (kama gramu 11 au 12) kinachopanuka bila kuvunjikavunjika, kama Nosler Partition, au cha shaba tupu kama Barnes TSX. Sisi tunapendelea shaba, kwa sababu haiachi chembe za madini ya risasi kwenye nyama wala kwenye matumbo watakayoyala tai.

2. .308 Winchester. Teke lake ni dogo, na hadi mita 250 inatosha kabisa.

3. 7mm Remington Magnum. Kwa mabonde ya wazi.

4. .300 Winchester Magnum. Nguvu inayo, ila wengi huinunua kwanza na hapo ndipo wanapokosea. Bega likishazoea kuumia, jicho hufumba kabla ya mlio, kidole kinavuta kwa pupa, na risasi iliyolengwa mapafuni inaishia tumboni.

5. 6.5 Creedmoor. Mita 200 tu, tena mnyama akiwa amesimama ubavu.

Kikomo chako kipime kabla ya safari: sahani ya sentimita 20, umekaa chini, risasi nne. Umbali wa mwisho ambao hukukosa hata moja, usiuvuke mlimani.

Kwenye ndege bunduki iwe tupu, ndani ya sanduku gumu lenye kufuli, na uitaje kaunta. Risasi zikae kwenye boksi lake, kwa kawaida zisizidi kilo 5. Anayetoka Dar es Salaam au kwingine nje ya Marekani anahitaji pia kibali cha ATF, idara ya Marekani inayosimamia silaha, kwa fomu 6NIA, pamoja na leseni ya kuwinda ya huko. Ukifika, kaza skurubu za darubini, kisha piga tatu kwenye karatasi mita 100. Kwa .30-06 zikae sentimita 5 juu ya kitovu. Hapo mita 200 utapiga katikati, na mita 300 risasi itashuka kama robo mita.

Lenga nyuma kidogo ya bega, theluthi ya chini ya kifua. Akikimbia, subiri nusu saa ndipo ufuate damu. Ukimkuta, mchune mara moja na utenganishe mapaja: ngozi ile nene hushika joto hata kukiwa na theluji, na nyama huanza kuharibika penye mfupa wa nyonga.