Kikao na matembezi ya kikundi Sipi: uzoefu wangu

Ukipeleka kikundi Sipi, kwenye maporomoko ya maji mashariki mwa Uganda, tembeeni asubuhi na kikao kiwe mchana. Nyumba ya wageni tuliyofikia ilitupangia kinyume: kikao kuanzia saa tatu asubuhi, maporomoko baada ya chakula cha mchana. Tungeifuata ratiba ile, tungelipia matembezi ya matope na ukungu mtupu.

Sisi ni walimu wa Kiswahili kutoka Mbale, Tororo na Busia. Hukutana kila mwaka, na safari hii mipango yote niliachiwa mimi. Nilichagua Sipi, wilayani Kapchorwa, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, kwa sababu kutoka Mbale barabara ni ya lami na gari halihitaji siku nzima. Tulikodi kosta, basi dogo. Mkikodi, ulizeni kwanza kama dereva ameizoea njia ya mlimani, maana ukishapita Sironko na kuingia Bulambuli kona hazina mwisho. Yule wetu alishuka kwa gia ndogo bila kukanyaga breki muda wote, na hata wazee waliokuwa wameshikilia viti wakatulia.

Aliyetuokoa na ile ratiba ni kijana wa pale kijijini, mtembeza wageni, tuliyeelekezwa kwake na mwalimu mwenzetu Msabiny, yaani wa kabila la wenyeji wa huko. Alikuja jioni ya kufika kwetu, akatuamkia, kisha akaanza kuangalia viatu vyetu. Akauliza nani ana shida ya magoti, nani ana presha. Halafu akasema, "Walimu wangu, siku hizi mvua ya hapa inashuka mchana. Saa moja asubuhi tuwe njiani." Ilikuwa likizo ya muhula wa pili, Agosti kuelekea Septemba, na mvua ikafanya vilevile alivyosema.

Maporomoko ni matatu, na lile kubwa la chini lina urefu wa karibu mita 100. Alitugawa makundi mawili. Wenye nguvu walizunguka yote, wakapanda ngazi za miti na kupita kwenye pango lililo nyuma ya maji. Wenye magoti mabovu walipelekwa na mwenzake kwenye ukingo ambapo poromoko kubwa linaonekana lote, na mbele yake tambarare inanyooka hadi macho yachoke. Hakuna aliyejiona ameachwa nyuma, na kwa kikundi chenye watu wa rika tofauti hilo ndilo jambo la kwanza kuangalia. Njia hizi hupita kwenye mashamba ya watu na wenye mashamba hutoza ada. Patana na mtembezaji mapema kwamba bei yake imejumlisha malipo hayo yote, la sivyo mtasimamishwa kila penye uzio mkitafuta chenji.

Mapema hiyohiyo vijana walitupita wakikimbia kupanda mlima, pumzi zao hata hazisikiki. Kapchorwa ndiko kwao Joshua Cheptegei, aliyechukua dhahabu ya mita 10,000 Paris 2024, na Stephen Kiprotich aliyeshinda marathoni ya Olimpiki London 2012. Ukiwaona wale vijana kwenye mwinuko wa karibu mita 1,800 hushangai tena.

Kilichonigusa kuliko yote ni kahawa. Tulikaribishwa uani kwa mama mmoja mkulima wa arabika. Alitupa punje zilizokwishakaushwa, bado zina ganda, tukazitwanga kwenye kinu kwa zamu. Kisha akachukua ungo na kupepeta. Maganda yakaruka, punje za kijivu zikabaki. Akazimwaga kwenye sufuria juu ya kuni na kukoroga bila kupumzika mpaka zikaanza kupasuka na kuwa nyeusi, zikarudi kinuni, ndipo maji yakachemshwa. Wengi wetu tumekulia jirani na mashamba ya kahawa lakini tumezoea chai. Siku ile watu waliomba kikombe cha pili, na mama akauza karibu kila alichokuwa nacho. Pesa hiyo ilibaki mkononi mwake, na hilo lilinifurahisha sana.

Kikao tulianza saa nane, miili imechoka vizuri na watu wameshazoeana. Tulijadili vitabu na vipindi, kwani tangu baraza la mawaziri lilipopitisha Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni, mzigo umekuwa kwetu. Wenzetu waliozungumza kidogo miaka iliyopita safari hii walizungumza. Lakini ukumbi ulikuwa na mabati matupu, na mvua ilipokaza hatukusikizana kwa karibu saa nzima. Ulizeni kama kuna dari. Umeme nao ulikatika, jenereta ikawashwa, na kwenye bili tukakuta mafuta yake ambayo hayakutajwa tulipopatana. Nililalamika, wakapunguza nusu. Nusu haikuniridhisha. Dai bei ya jumla kwa maandishi, ikitaja ukumbi, jenereta na chai ya saa kumi.

Msiende mvua zikiwa kali. Machi 2010 maporomoko ya udongo yaliua mamia ya watu Bududa, na Novemba 2024 yakaipiga Bulambuli, wilaya mnayopita mkielekea Sipi. Pigia simu mtu wa huko siku chache kabla ya safari, na akisema subirini, subirini.

Bebeni sweta, hasa mnaotoka Busia na Tororo, na viatu vinavyoshika udongo. Mtembezaji nampa nyota tano bila kusita. Nyumba ya wageni naipa tatu: chakula kilikuwa kingi na cha moto, vitanda safi, wahudumu waungwana. Mwakani nimependekeza turudi Sipi kwa kijana yuleyule, ila tulale kwingine.