Ziara ya Simbi Nyaima kutoka Kisumu: msimulizi bora, ushahidi uliopindishwa

Gari linaondoka Kisumu saa kumi na mbili asubuhi, linapitia Ahero na Katito, na kabla jua halijawa kali wageni wako Kendu Bay, kando ya ziwa dogo la Simbi Nyaima. Hapo mzee wa jirani anasimulia kisa cha ajuza aliyefika kijijini watu wakinywa pombe, akaomba chakula na mahali pa kulala, akafukuzwa. Mama mmoja tu alimkaribisha, naye akaambiwa aondoke na watu wake. Usiku mvua ikashuka, kijiji kikazama.

Sehemu hii ni bora kabisa. Mzee anazungumza Dholuo, kijana anafasiri kipande kwa kipande, na hakuna anayemharakisha. Anayejua bamba la kumi na moja la Gilgamesh, utenzi wa kale wa Mesopotamia wenye kisa cha gharika, ambalo George Smith alilifasiri London mwaka 1872, atamtambua yule mtu mmoja anayeonywa mapema. Kule mungu Ea ananong'oneza ukuta wa matete, na hapa ajuza anaongea na mwenyeji wake.

Tatizo linaanza mzee akishanyamaza. Mwongozaji anaokota kigae cha chungu ukingoni, anakipitisha mkono kwa mkono na kusema ndicho ushahidi wa kijiji kilichozama. Sivyo. Kigae kilicholala juu ya ardhi kinaweza kuwa cha jana au cha karne tano zilizopita. Ili kithibitishe chochote lazima kitoke chini ya tabaka la mlipuko wa volkeno uliounda ziwa hili, mahali pasipowahi kuchimbwa, na kina chake kiandikwe kabla hakijaguswa. Kukiokota kunaharibu hata kile kidogo ambacho kingeweza kusema, na vitu vya kale vinalindwa na sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006.

Isitoshe, Simbi ni shimo la volkeno. Joto la chini lilikutana na maji ya ardhini, mvuke ukapasua mwamba. Ziwa halina mto unaoingia wala unaotoka, ndiyo maana magadi yamejaa: chovya vidole viwili, visugue, utasikia utelezi kama wa sabuni. Ukijani wake ni viumbe wadogo wa majini ambao heroe huja kuwala. Kutofautisha mlipuko na mafuriko ni rahisi, na mwongozaji angeweza kuonyesha kwa dakika tano. Tope la mafuriko ni laini na limelala tabaka juu ya tabaka. Kifusi cha mlipuko kina vipande vya mwamba vyenye pembe kali, vikubwa kwa vidogo vikiwa vimechanganyika.

Hata wataalamu wakubwa waliteleza katika jambo hili. Mwanaakiolojia Leonard Woolley alipochimba Uru, mji wa kale wa Iraki, alikuta tope safi lenye unene wa mita kadhaa, na mwaka 1929 akatangaza kuwa ni gharika ya Nuhu. Tope la Kishi, mji mwingine wa kale wa huko, likaonekana kuwa la kipindi kingine, na lile la mji wa Shurupaki, la takriban mwaka 2900 kabla ya Kristo, nalo ni la tukio jingine. Ni mito iliyofurika kwa nyakati tofauti, si gharika moja. Mfano huu ungefaa sana kusimuliwa Simbi, lakini hautajwi.

Mchana ziara inakimbilia Thimlich Ohinga, makazi ya kale yaliyozungushiwa kuta za mawe huko Migori. Kuta zile za mawe yasiyo na udongo wa kuunganishia, nyingine zikipita mita 4, zinastahili siku yake nzima. Kuziita "ngome za walionusurika gharika", kama mwongozaji anavyofanya, ni kubuni.

Ukilipia, omba Simbi peke yake na saa moja zaidi na mzee. Vaa viatu vinavyoshika, maana mteremko una changarawe, na beba maji ya kunywa kwa kuwa ya ziwani hayanyweki. Kigae kikipita mkononi mwako, kirudishe pale pale kilipookotwa.