Uzoefu wangu na deki ya santuri: nilianza kununua vingine kabla ya sindano

Santuri zangu nyingi ni zile ndogo za inchi 7, za mwendo wa mizunguko 45 kwa dakika, nilizookota vibandani Soko la Kenyatta, Nairobi, kati ya moshi wa nyama choma na akina dada wanaosuka nywele. Rumba, benga, dansi la Tanzania. Anayezijua anajua zilivyogawanywa: upande A unaimbwa, upande B unachezwa. Maneno yakiisha unageuza, magitaa yanaachiwa uwanja. Na hapo ndipo nilipokuwa naumia. Kwenye upande B, sindano ikielekea katikati ya santuri, gitaa la solo lilianza kukwaruza kama nzi aliyefungiwa kwenye kopo, na kila "s" ya waitikiaji ilitoka "shhh".

Deki yangu ni Audio-Technica AT-LP120XUSB, ambayo mota huizungusha sahani moja kwa moja bila mkanda, iliyokuja na katriji (kichwa kinachoshika sindano) ya AT-VM95E, ile yenye sindano ya kijani. Ampifaya na spika ni za mitumba. Nilipouliza mtaa wa Luthuli, Nairobi, kwenye maduka ya vifaa vya muziki, nianze kubadilisha nini, muuzaji hakusita: spika. Simlaumu, alikuwa amesimama mbele ya spika. Rafiki yangu wa santuri akasema nibadilishe deki yenyewe, kwa hoja ambayo Linn, watengenezaji wa deki wa Scotland, waliisimamia tangu miaka ya 1970, kwamba kisichotolewa kwenye mfereji wa santuri, ule mchirizi ambamo sindano hutembea, hakuna spika itakayokirudisha. Mimi nikawapuuza wote wawili, nikanunua priampu ya fono, kifaa kinachokuza sauti dhaifu ya katriji kabla haijaingia kwenye ampifaya.

Hapa nicheke kidogo. Santuri ikichongwa, besi hupunguzwa na sauti za juu huongezwa, kwa kipimo kiitwacho RIAA. Kazi ya priampu ni kurudisha mambo yalivyokuwa. Deki hii ina priampu yake ndani, na swichi ya kuizima. Sikuizima. Wiki nzima muziki ulikuwa unarekebishwa mara mbili, besi imefurika, na mimi naisifia besi! Jirani wa chini ndiye aliyenibishia mlango. Nilipoweka swichi mahali pake, nilichokuwa nimenunua hasa kikaonekana: muungurumo uliopungua kidogo tu kati ya wimbo na wimbo. Mwisho wa upande B ulikuwa vilevile.

Kilichonifungua macho kilikuwa mzani mdogo wa kupimia uzito ambao sindano hukandamizia santuri, kitu cha bei ya chakula cha mchana cha watu wawili. Katriji hii inataka gramu 2, isishuke chini ya 1.8 wala kupita 2.2. Namba kwenye mkono wa deki ilisoma 2. Mzani ukasema 1.4. Kumbe sikuwa nimesawazisha mkono vizuri kabla ya kuseti namba, na miezi yote hiyo sindano ilikuwa inarukaruka mferejini badala ya kutembea. Nikasahihisha, nikanyoosha katriji kwa karatasi ya vipimo niliyochapisha. Nusu ya tatizo ikaisha siku hiyohiyo, na ningekuwa nimelipia spika nisingejua kamwe.

Nusu iliyobaki ilikuwa ya ncha. Deki huzunguka mwendo uleule mwanzo hadi mwisho, lakini mzunguko wa ndani ni mfupi. Kwenye santuri ya 45 mfereji hupita chini ya sindano kama sentimita 40 kwa sekunde ukingoni, na kama 25 tu karibu na lebo. Sauti ileile inabanwa kwenye nafasi ndogo, na ncha ya duaradufu kama ya ile ya kijani haitoshei kwenye mikunjo hiyo. Ndiyo maana sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea ambayo ndiyo tunayoisubiri, huangukia mahali pabaya kuliko pote.

Sindano za familia ya VM95 zinabadilishana. Nilichomoa ya kijani kwa vidole, bila bisibisi, nikachomeka nyekundu, ya maikrolinia, yaani yenye ncha nyembamba zaidi. Sitawaambia kwamba nilisikia ala mpya; kila mtu anayetumia pesa husikia ala mpya. Niliyosikia ni "s" kuwa "s" tena, na gitaa kumaliza wimbo likiwa na sauti iliyoanza nayo. Sindano hiyo peke yake ni ghali kuliko katriji nzima ya kijani, lakini watengenezaji wanaipa saa 1,000 dhidi ya 300 za duaradufu. Kwa anayesikiliza kila jioni, hesabu hiyo si mbaya.

Ina ukatili wake, hata hivyo. Santuri zilizochezwa baa na kwenye redio-gramu za zamani, zenye sindano nzito, nyingine zimefufuka, kwa sababu ncha nyembamba inagusa sehemu ya ukuta ambayo ncha butu ya zamani haikuifikia. Nyingine zimezidi kuwa mbaya: vumbi la miaka 40 lililolala chini ya mfereji sasa nalisikia lote. Kuosha kunasaidia. Zilizotafunwa zimetafunwa.

Kama deki yako ni ile ya sanduku, yenye spika ndani na katriji ya kauri, usinunue sindano ya bei. Anza na deki. Na kama spika imechanika, muuzaji wa Luthuli yuko sahihi. Zangu sikuzibadilisha, nilizitoa tu kwenye kabati moja na deki, mlio wa besi ukaacha kuitikisa sindano.

Ya kijani sikuitupa. Inatumika kwa zile za sokoni ambazo bado hazijaona maji.